Kiti Ambacho Mgeni Hakitaki

Vijana wangu, kama mnasoma haya mkiwa mmekaa, inukeni kwanza. Nyoosheni migongo, zungukeni meza, kunyweni maji, kisha mrudi. Nitawasubiri. Mimi Onyango ni fundi wa viti niliyestaafu, na karibu maisha yangu yote ya kazi nimekuwa nikiwatazama watu wazima wakikaa. Wenzangu walitazama mpira. Mimi nilitazama makalio, na msicheke, kwa sababu makalio hayo ndiyo yaliyowasomesha wanangu.

Karakana yetu ilikuwa Kisumu, nyuma ya soko la Kibuye. Mwenyewe alikuwa Mzee Juma, Mwislamu wa mtaa wa Kaloleni, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe ambayo sikuwahi kuiona na vumbi la mbao hata siku moja, ingawa sisi wengine jioni tulifanana na mandazi yaliyopakwa unga. Nilifika kwake miaka ya themanini mwanzoni, nikitoka Ahero, ambako mafuriko yalikuwa yamebeba mpunga wa baba yangu pamoja na hamu yangu ya kulima. Nilijiona fundi tayari. Niliwahi kutengeneza banda la kuku na lilikuwa bado limesimama.

Mzee Juma akaniambia nimtengenezee kiti chochote nipendacho. Nikatengeneza. Akakikalia, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, akafumba macho kama anayesikiliza redio. Kisha akasema, "Onyango, hiki ni kiti kizuri sana. Kwa kuku."

Hivyo ndivyo nilivyoandikwa kazi.

Jambo la kwanza alilonifunza halikuwa randa wala msumeno. Lilikuwa saa. Asubuhi, alisema, kila mtu ni mnyoofu. Amelala, amekunywa chai, kola imepigwa pasi, anakaa kama yuko kanisani mstari wa mbele. Ukimpima wakati huo unampima mtu ambaye kufika adhuhuri hatakuwepo. "Mpime saa kumi jioni," alisema. "Kiti hakitengenezewi mtu. Kinatengenezewa uchovu wake."

Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Nikampima mpiga chapa mmoja wa kike saa mbili asubuhi, nikamtengenezea kiti cha kujivunia, na baada ya muda kikarudishwa karakana na mlinzi akiwa amekibeba kichwani. Nilipokwenda ofisini kwao jioni kuona kosa liko wapi, nilimkuta yule dada ameteleza mpaka kidevu kinakaribia kugonga herufi za mashine. Kiti changu kilikuwa kimemfaa mwanamke wa asubuhi. Huyu wa jioni alikuwa mwingine kabisa.

Tangu hapo nikaanza kuusoma mji kwa jinsi ulivyokaa. Mama wauza omena, dagaa wa ziwani, kule ufukweni walikaa chini, miguu imenyooshwa mbele, lakini hawakukaa kwa muda. Mara kuku ameingia kwenye omena, mara mvua, mara mteja. Waliinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, tangu jua linachomoza, na katika miaka yangu yote hakuna hata mmoja aliyekuja kwangu kulia mgongo. Madereva wa mabasi ya kwenda Bondo waliketi upande mmoja, kiwiko dirishani, na kiti cha dereva kililika upande huohuo kama sabuni. Wazee wa mpunga kwetu Ahero walishinda wamesimama au wameinama, na walipokaa hatimaye, walilala hapohapo na kijiko mkononi.

Na watu wa ofisi? Hao ndio walionilisha. Lakini hata wao hawakukaa kama mnavyofikiria. Siku moja nilitumwa kukarabati viti vya ofisi moja, jina nitaliacha lipumzike. Kiti cha karani mmoja kilinishangaza. Pa kukalia palikuwa papya kabisa, kamba hazijalegea hata kidogo, lakini egemeo lilikuwa limelika pale juu, pande zote mbili. Nikarudi kumweleza Mzee Juma kwamba nimeona mtu anayekalia mabega. Alicheka mpaka akavua ile kofia yake. "Hicho kiti kinakaliwa na koti," alisema. "Mwenyewe yuko mjini."

Nyinyi hamkuishuhudia enzi hiyo. Karani alifika mapema, akatundika koti kwenye kiti, akaondoka zake. Bosi akipita aliona koti, akajua mtu yupo, labda yuko msalani. Nililizungusha lile egemeo vizuri, likapata mabega ya mviringo, koti likakaa juu yake kama limevaliwa. Karani alinishukuru kwa soda baridi. Nasema hivi ili mjue kwamba kukaa ofisini na kuwa ofisini ni mambo mawili.

Sasa niwape kisa chenyewe.

Kulikuwa na mama mmoja Kondele, karibu na njia panda, aliyeshona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Watu walimwita Mama Atieno, na wa nyumbani kwao, kwa Kijaluo, wakamwita Min Atieno. Chumba chake kilikuwa kidogo, mlango mmoja ukitazama barabara, nguo za rangi za shule zote za mji zikining'inia ukutani. Siku aliyokuja karakana yetu alishika mlango kwanza kabla ya kusalimia.

"Oyawore, fundi," alisema. "Mimi mgongo inanimaliza. Nikiinuka jioni ni kama ni mtu mwingine anainuka, na huyo mtu ni mzee kuliko nyanya yangu."

Nikamuuliza anakaa kwa muda gani. Akaniambia anakaa tangu watoto waende shule mpaka warudi, na shule zikikaribia kufunguliwa, hata baada ya hapo. Kisha akaniambia lililomleta hasa. Mume wake alikuwa amefariki. Wanawe walisoma pale mjini, na walikuwa wanafanya vizuri. Shemeji yake Okelo, ambaye ndiye mkubwa wa boma lao kule Bondo, alikubali abaki Kisumu maadamu cherehani inamlisha yeye na watoto. Sasa habari za mgongo zilikuwa zimefika Bondo, na habari mbaya hazihitaji nauli.

"Ameniambia mgongo ikikataa tu, nifunge duka nirudi nyumbani nilime," alisema. "Sasa fundi, wewe niambie. Mtu mwenye hawezi kukaa, ataweza kuinama?"

Swali hilo lilinichoma. Nilimwahidi kiti ambacho kitamaliza maneno yote ya Bondo.

Nilikwenda Kondele saa kumi jioni, kama nilivyofunzwa. Nilimpima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, nikapima urefu wa cherehani, nikaangalia miguu ilivyopiga pedali. Nikatengeneza kiti chenye egemeo zuri, nikakisuka kwa kamba ya mkonge iliyokaza. Mama Atieno alikipokea kwa vigelegele. Majirani walikuja kukishika.

Baada ya wiki chache nikasikia mgongo umezidi.

Nikakirudisha karakana. Nikaongeza mikono ya kuegemeza viwiko, nikakilainisha, nikakipaka vanishi. Mgongo ukazidi. Nikakirudisha tena, nikaongeza mto wa pamba wenye kitambaa cha maua, nikalalisha egemeo kidogo nyuma kama viti vya mameneja. Safari hii Mama Atieno alinijibu kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Ero kamano, asante, fundi," alisema. "Umejaribu." Na nilipokuwa naondoka akaongeza kwamba Okelo ameahidi kuja mwenyewe kuona hali.

Nilirudi Kibuye nimenuna, nikarusha patasi juu ya meza. Mzee Juma aliitazama ile patasi, kisha akanitazama mimi.

"Umewahi kumwona amekikalia?" aliuliza.

"Nimempima mwenyewe, Mzee. Saa kumi."

"Sikukuuliza ulimpima lini. Nimekuuliza umewahi kumwona?"

Kila mara nilipokwenda, Mama Atieno aliinuka kunipokea, na aliyekalishwa kwenye kile kiti ni mimi. Hata hilo halikunifungua macho. Ujinga ukiwa wa mtu mwenyewe, huwa haunuki.

Kesho yake nikaenda mapema, nikakataa kiti, nikaketi juu ya marobota ya kitambaa kwenye pembe, nikasema nataka kutazama tu. Akaingia mama wa kwanza kupimisha mtoto sare. Mama Atieno akainuka haraka. "Bed piny, Mama, keti," akasema, akampisha kwenye kile kiti changu. Yeye mwenyewe akavuta kreti ya soda, akaweka kipande cha kitambaa juu, akashona akiwa amejikunja kama ndoano. Mama huyo alipoondoka, kabla kiti hakijapoa, akaja mwalimu. Kiti. Baada ya mwalimu, mchungaji. Kiti. Baada ya mchungaji akaja jirani ambaye hakuwa na kitambaa wala mtoto wala neno la kusema, isipokuwa kwamba ametoka sokoni na miguu imechoka. Kiti! Aliketi hapo mpaka akasinzia, kichwa kwenye egemeo langu la meneja.

Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale Kondele mgeni alikuja, na mwenyeji akaugua mgongo.

"Mama," nilimwambia tulipobaki wawili, "mbona hukalii kiti chako?"

"Yawa, fundi!" alishangaa kweli. "Mtu mzima anaingia, amesimama, na mimi nimekaa kiti ya kuegemea? Watu watasema mimi ni mtu wa aina gani?"

Na mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nimezaliwa katika nyumba ambayo kiti chenye egemeo kilikuwa kimoja, cha baba. Baba akiwa mashambani hakuna aliyekigusa, na akija mgeni wa heshima, baba mwenyewe alikipisha. Mama alikaa mkekani. Haya niliyanyonya pamoja na maziwa, lakini nilipoingia Kondele na futi yangu ya kupimia niliyasahau yote, nikapima goti na kisigino tu. Kila nilipokiboresha kile kiti, nilikiongezea heshima, na kila kilipoongezeka heshima, kilizidi kwenda mbali naye. Nilipoongeza mto wa maua ndipo nilipommaliza kabisa.

Mzee Juma aliposikia hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi mtengenezee kiti ambacho mgeni hakitaki."

Vijana, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Miaka yote umejifunza kupendeza, halafu unaambiwa uchukize kwa ustadi. Nilichukua mabaki ya mbao za rangi tofauti, moja ikiwa imetoka kwenye sanduku la samaki na bado ina rangi ya bluu iliyobabuka. Sikupaka vanishi. Sikuweka egemeo wala mikono. Pa kukalia nikapainamisha mbele, makusudi. Mgeni akikikalia miguu ikiwa imelegea, kitamtelezesha kama anayefukuzwa. Lakini mtu ambaye nyayo zake ziko kwenye pedali, mwinamo huohuo unamnyanyua kiuno, mgongo unasimama wenyewe bila kulazimishwa. Mzee Juma alikitazama kwa muda mrefu. "Kibaya sana," alisema, na katika miaka yangu yote pale hiyo ndiyo sifa kubwa aliyonipa.

Akanipa na agizo la pili. Pasi ya makaa ya Mama Atieno ilikuwa karibu na mkono wake, ili asisumbuke kuinuka. Mzee akaniambia niihamishe. Nikapigilia rafu kule mlangoni, nikaiweka pasi juu. Kuanzia siku hiyo, kila pindo moja ilibidi ainuke, atembee, apige pasi amesimama, arudi. Alilalamika kweli. "Fundi, nimekuja kwako na mgongo, wewe unanipatia safari!" Nikamjibu kwa maneno ya Mzee Juma, kwamba kiti kizuri ni kile kinachojua kukufukuza.

Kile cha maua tukakiacha hapohapo, kwa wageni.

Okelo alifika kutoka Bondo baada ya majuma kadhaa. Nilikuwepo, kwa sababu Mama Atieno aliniomba niwepo, na kwa sababu nisingeweza kukaa karakana bila kujua nini kinaamuliwa. Hakuwa mtu mbaya, mjue hivyo. Alikuwa mzee mpole mwenye fimbo na sauti nzito, aliyeamini kabisa kwamba amekuja kumwokoa shemeji yake.

"Min Atieno," alisema, "shamba iko tayari. Mtu wa kubeba cherehani pia nimeongea naye. Hakuna haja ujiue hapa."

"Shemeji, kaa kwanza," alisema Mama Atieno. "Uone kazi. Jioni tutaongea."

"Sawa. Nitakaa mpaka jioni. Nikisikia umelia mgongo mara moja tu, kesho tunafunga."

Akaketi kwenye kiti cha maua. Uso wake ulibadilika pale alipozama kwenye mto. "Lakini hii ni kiti!" alisema.

Nilijibanza kwenye marobota yangu. Mama Atieno alishona. Aliinuka, akapiga pasi, akarudi. Wateja waliingia, wakaona mzee amekalia kiti cha wageni, wakasimama kwa heshima, wakafanya shughuli zao haraka na kuondoka, jambo ambalo peke yake lilimpa Mama Atieno nafasi ya kushona zaidi. Mchana Okelo aliletewa samaki wa ngege na ugali palepale alipoketi. Akaletewa chai palepale. Nilimwambia, "Mzee, hebu inuka kidogo unyooshe miguu." Akanitazama kama nimemtukana. "Nimekaa kiti nzuri hivi, niinuke niende wapi?"

Mara moja tu Mama Atieno aliweka mkono kiunoni, na nikaacha kupumua. Alikuwa anatafuta pini.

Ilipofika saa kumi, Okelo alisema ameona vya kutosha, tuongee. Akashika mikono ya kiti ili ainuke. Hakuinuka. Akajaribu tena. "Mayo!" alipiga kelele. "Yawa, nimekufa!" Nikamshika mkono mmoja, mwalimu fulani aliyekuwa mlangoni akamshika mwingine, tukamng'oa pale kama mhogo. Alisimama katikati ya chumba akiwa amejikunja, umbo la kile kiti bado liko mwilini mwake, akimtazama shemeji yake aliyekuwa amekwisha kufika kwenye pasi na kurudi.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi niliuma ulimi.

"Min Atieno," alisema mwishowe, akiwa bado anatazama sakafu maana hakuwa na uwezo wa kutazama pengine. "Hiyo shamba nitatafuta mtu mwingine."

Mama Atieno alijifunika uso kwa suruali ya shule aliyokuwa anashona, akalia. Na mimi nilitokwa na machozi, sioni haya kusema. Okelo alipofika mlangoni alinigeukia na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Fundi, ile kiti mbaya, unaweza nitengenezea ingine?"

Nilimtengenezea. Kisha mafundi cherehani wote wa Kondele wakataka. Walikuja Kibuye wakisema wazi, "Tunataka kiti mbaya." Wateja wengine wa karakana walidhani tunatukanwa.

Miaka ya tisini ilileta mambo yake. Gugumaji lilifunika ziwa, wavuvi wakashinda wamekaa ufukweni wakilitazama, na sisi tukajaribu kulisuka likawa viti. Kiti cha kwanza sikukikausha vya kutosha, na ofisi nzima ya mteja mmoja ilizunguka siku kadhaa ikimtafuta aliyeleta samaki. Tukajifunza. Kisha vikaja vile vya plastiki, vyeupe, vinavyobebana kama vikombe, na hapo hapakuwa na cha kujifunza. Mzee Juma alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Nilimpenda yule mzee, na sikuwahi kumwambia. Nilishika karakana peke yangu mpaka siku nilipoona nafungua mlango kwa mazoea tu.

Siku niliyoufunga sikumwambia mtu. Nilitembea hadi Kondele. Mama Atieno alikuwa bado anashona, mkubwa wa wanawe amemaliza shule, kiti cha bluu iliyobabuka chini yake. Kwa miaka yote hiyo, kila nilipoingia alinikaribisha kwenye kiti cha maua, nami nilikaa kwa fahari. Siku hiyo nilisimama tu. Nikamwambia nimefunga, na kwamba hata mgongo wangu, baada ya kuinamia randa maisha yote, umeanza kunisema.

Hakusema pole. Aliinuka, akakisukuma kile kiti kibaya kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Kalia hii, Mzee Onyango."

"Hicho ni chako," nilimwambia. "Nitakaa kile kingine."

"Hiyo ingine ni ya wageni," alisema, akaenda mlangoni kuchukua pasi.

Nilikuwa nimekijaribu mara nyingi karakana, lakini kujaribu si kukaa. Nikaweka nyayo kwenye pedali, nikakikalia. Kikanisogeza mbele kidogo, kikaninyanyua kiuno, mgongo ukasimama wenyewe, nami nikakaa hapo mpaka aliporudi na kunifukuza.